Jinsi ya Kuchagua Sapoti ya Kiwiko Baada ya Kuumia: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Nyanda za Juu Kusini

Wengi huku kwetu hununua sapoti ya kiwiko kwa namna moja. Mtu anaingia dukani Mwanjelwa au Mafinga, anaonesha mkono, muuzaji anauliza "saizi gani?", hela inatoka, safari ya nyumbani. Wiki mbili baadaye maumivu yako palepale, au yameongezeka ganzi kwenye vidole, na sapoti imetupwa juu ya kabati.

Swali lililotakiwa kuulizwa ni "kinauma wapi, na kiliumiaje?" Kila aina ya sapoti imetengenezwa kwa kazi yake: kubana msuli, kupasha joto, kuzuia kiungo kisiende mahali pa hatari, au kukinga ncha ya kiwiko isigongwe. Ukinunua inayofanya kazi usiyoihitaji, hata ya bei kubwa haitakusaidia. Ndiyo maana hatua nne za kwanza hapa chini zinafanyika kabla hujafika dukani, na hizo ndizo watu wanazoziruka.

## Vitu vya kuandaa

- Futi ya fundi cherehani. Kama huna, uzi na rula vinatosha.
- Kalamu ya wino ya kuchora alama kwenye ngozi.
- Karatasi ya kuandikia vipimo.
- Cheti cha hospitali na picha ya eksirei, kama ulishapigwa.
- Kanga au kitambaa kikubwa.
- Taulo dogo.
- Chupa ya maji ya nusu lita, iliyojaa.
- Kifaa cha kazi yako: jembe, panga, mwiko wa fundi, chochote kinachokuumiza ukikishika.
- Mtu wa pili. Mkono mmoja haujipimi wenyewe vizuri.

## Hatua ya 1: Hakikisha hakuna mfupa uliovunjika wala kiungo kilichoachana

Sapoti ikivalishwa juu ya mfupa uliovunjika inapunguza maumivu kidogo, na hiyo nafuu ndogo ndiyo inayomchelewesha mtu kufika hospitali.

Kaa kwenye kiti. Nyosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, halafu jaribu kunyoosha viwiko mpaka mwisho. Linganisha mkono mzima na ulioumia. Kama ulianguka au uligongwa na kiwiko hakifiki mwisho wa kunyooka, upigwe picha ya eksirei kabla ya kununua chochote. Kikinyooka sawa na cha pili, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo, lakini haujaisha. Usipoona nafuu ndani ya wiki moja, nenda ukapimwe.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya:

- Umbo la kiwiko limebadilika.
- Vidole vimekuwa vya baridi, vyeupe au vya bluu, au vimekufa ganzi.
- Kifundo cha mkono hakinyanyuki, au vidole havinyooki.
- Maumivu yanazidi kila saa, na mtu akikunyoosha vidole unapiga kelele.
- Kuna kidonda kilichofunguka karibu na kiungo.
- Ncha ya kiwiko imevimba, ni nyekundu, ni ya moto, na una homa.

Ukiwa njiani, funga mkono kwa kanga ukiwa katika mkao ulioukuta. Usiulazimishe ukunjike ili ukae vizuri shingoni. Vua pete, saa na bangili mapema, kwa sababu uvimbe ukishafika vidoleni hazitoki tena kwa urahisi.

Mtoto aliyeanguka. Msimu wa parachichi Rungwe na Njombe, watoto hupanda miti, na wengine hushuka bila kupenda. Mtoto akianguka kwa mkono ulionyooka, mfupa unaweza kukatika juu kidogo tu ya kiwiko. Huo ndio mvunjiko wa kiwiko unaowapata watoto zaidi kuliko mwingine wowote. Mbele ya mfupa huo hupita mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu inayokwenda kiganjani. Mtoto wa namna hiyo hanunuliwi sapoti. Anapelekwa hospitali siku ileile, hata kama analia kidogo tu.

Kuhusu kuchua. Najua kuchua kuna heshima yake huku, na yupo bibi au babu anayeaminika karibu kila kijiji. Ninaomba kiwiko kiachwe. Kiwiko kilichoumia kikichuliwa kwa nguvu, kikakunjwa na kukunjuliwa kwa lazima kikiwa bado kibichi, misuli iliyovia damu inaweza kuota mfupa ndani yake. Mfupa huo hufunga kiungo, na hakuna sapoti inayoweza kukifungua. Shikamoo mpe mzee wetu, mkono upeleke hospitali.

Umemaliza hatua hii pale ambapo ama umepimwa na kuambiwa kilichoumia, au kiwiko kinanyooka chote na hakuna hata dalili moja kati ya zile za juu.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali panapouma kwa kidole kimoja

"Kiwiko chote kinauma" ni jibu la mtu ambaye bado hajapapasa. Tumia ncha ya kidole kimoja, bonyeza taratibu, na pale panapouma kuliko kwingine chora duara kwa kalamu.

Upande wa nje. Kuna kifundo kidogo cha mfupa kinachojitokeza upande wa kidole gumba ukiwa umeinua kiganja juu. Maumivu ya hapa huamka ukinyanyua birika, ukikamua nguo, ukisonga ugali au ukipiga plasta. Hakiki hivi: nyosha kiwiko, kunja ngumi, kiganja kitazame chini. Nyanyua ngumi juu huku mwenzako akiisukuma chini. Ukishtuka palepale penye duara, zilizoumia ni kano za nje, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa upande huo.

Upande wa ndani. Hapa ndipo panapowauma wakamuaji wa ng'ombe na watu wa jembe. Hakiki kwa kugeuza kiganja juu na kukunja kifundo cha mkono kuja kwako huku mwenzako akizuia.

Upande wa ndani pamoja na ganzi. Kama kidole cha pete na kidole cha mwisho vinakufa ganzi, hasa usiku au ukiongea na simu muda mrefu huku umekunja mkono, tatizo ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa wa ndani. Tenganisha kabisa hali hii na maumivu ya kano. Mahali ni karibu palepale, lakini kifaa cha mmoja humdhuru mwingine.

Ncha ya kiwiko. Uvimbe laini kama yai kwenye ncha ni kifuko cha maji kilichojaa, mara nyingi baada ya kugonga au kuegemea kiwiko kwa muda mrefu.

Kulegea. Ulishateguka mpaka kiungo kikaachana, kikarudishwa hospitali, na sasa ukijisukuma kutoka kwenye kiti unahisi kama kitatoka tena.

## Hatua ya 3: Linganisha jeraha na aina ya sapoti

Mkanda wa kigasha. Ni mkanda mwembamba, mara nyingi wenye pedi ndogo ndani, unaofungwa kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, chini kidogo ya kiwiko. Unafaa kwa maumivu ya kano za nje au za ndani. Unabana msuli ili mvuto wa kushika na kunyanyua upungue kabla haujafika kwenye kano iliyoumia. Maumivu yanapungua ukiwa kazini, lakini kano haiponi kwa mkanda peke yake. Inahitaji mazoezi ya Hatua ya 7. Mwenye ganzi ya vidole asiuvae.

Soksi ya kiwiko. Hii ndiyo inayouzwa zaidi, na ndiyo inayonunuliwa kimakosa zaidi. Inabana kiungo kizima kwa upole, inasaidia uvimbe mdogo na inapasha joto. Asubuhi ya Juni au Julai Makete na Njombe, joto hilo ni msaada wa kweli kwa kiwiko kilichokakamaa. Ila haizuii kiungo kuachana, na haimsaidii sana mwenye kano za nje kama mkanda unavyomsaidia. Ukiishi Kyela, epuka ile nzito ya mpira. Jasho litakutoa vipele ndani ya siku chache. Chukua ya kufumwa inayopitisha hewa.

Sapoti ya bawaba. Ina vyuma au plastiki ngumu pande zote mbili na bawaba katikati yenye namba za nyuzi, yaani vipimo vya pembe ya kukunja. Ni ya walioteguka mpaka kiungo kikaachana, waliokatika ligamenti (kamba zinazounganisha mfupa na mfupa), au waliofanyiwa upasuaji.

Hii niieleze kwa kirefu, kwa sababu inaazimwa ovyo. Kiwiko hukakamaa haraka kuliko viungo vingi vya mwili. Kikikaa kimefungwa bila kusogea zaidi ya wiki tatu, hatari ya kubaki kigumu inapanda. Kula, kunawa uso, kuvaa na kushika simu, kwa sehemu kubwa, hutaka kiwiko kinachosogea kati ya nyuzi 30 na nyuzi 130. Kazi ya bawaba ni kuruhusu sehemu salama ya mwendo huo mapema na kukataza sehemu ya hatari, kisha kufunguliwa kidogo kidogo kila wiki. Namba hizo anazipanga daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) kulingana na kilichokatika. Sapoti ya jirani imepangwa kwa jeraha la jirani. Ukiwa na cheti kinachosema unahitaji bawaba, anzia kitengo cha fiziotherapia cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au cha hospitali ya rufaa ya mkoa wako, usianzie dukani.

Gango la usiku. Ni kifaa cha kushikilia kiwiko, cha mwenye ganzi ya kidole cha pete na cha mwisho. Linazuia kiwiko kisikunjike sana ukiwa usingizini, maana kukikunja ndiko kunakouvuta ule mshipa. Kabla ya kulipa, jaribu taulo: lizungushe kwenye kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo tu, lifunge kwa kitambaa bila kukaza, lala nalo. Kuna watu ambao taulo linawatosha kabisa.

Pedi ya kiwiko. Ni ya uvimbe wa ncha. Chagua yenye sponji nene pembeni na nafasi katikati, ili uzito usiangukie kifuko chenyewe.

Kitambaa cha shingoni. Ni cha siku chache za mwanzo tu, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo. Nimeona mikono mingi iliyoharibiwa na kanga iliyofungwa kwa upendo mwezi mzima.

## Hatua ya 4: Pima mkono

Pima jioni, wakati uvimbe uko juu zaidi. Pima kwenye ngozi, sio juu ya sweta. Kunja kiwiko kidogo, legeza msuli, na mwenzako azungushe futi bila kuvuta:

1. Katikati ya kiwiko.
2. Sentimita 10 juu ya kiwiko.
3. Sentimita 10 chini ya kiwiko.

Kwa mkanda wa kigasha, ongeza kipimo cha sehemu nene kuliko zote ya kigasha.

Usiamini herufi za S, M na L. M ya kiwanda kimoja ni L ya kingine. Amini sentimita zilizoandikwa kwenye boksi. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua kubwa kama bado umevimba, na ndogo kama uvimbe umeisha.

## Hatua ya 5: Kagua dukani

Nenda na karatasi ya vipimo, na omba kujaribu. Muuzaji anayekataa usijaribu, mshukuru kisha uende duka lingine la vifaa tiba.

Vuta sapoti kisha iachie: irudi palepale. Bandika na ubandue sehemu ya kunata mara kadhaa, isikilize ikishika. Pitisha kidole ndani kutafuta mishono migumu, kwa sababu mshono unaokuna dukani utakata ngozi shambani. Kwa ya bawaba, hakikisha ni ya mkono wako, kulia au kushoto.

Za mtumba unaweza kuzipata soko la Sido, Mbeya, na kwenye minada. Pedi ya mtumba iliyo safi haina shida. Soksi ya mtumba mara nyingi mpira wake umeshachoka, na bila kubana haina kazi tena. Ukiambiwa bei imepanda kwa sababu ndani kuna shaba au sumaku, usilipe nyongeza hiyo. Kinachokusaidia ni kubana, joto na pedi.

## Hatua ya 6: Ivae mahali pake

Kosa kubwa kuliko yote ni kufunga mkanda juu ya mfupa unaouma. Ukikandamiza kano iliyoumia dhidi ya mfupa, unaongeza maumivu.

Weka vidole viwili chini ya duara ulilochora, kuelekea kiganjani. Nyanyua kifundo cha mkono na utaona msuli unatuna hapo. Pedi ya mkanda ikae juu ya msuli huo. Funga ukiwa umelegeza mkono, kisha kunja ngumi. Unatakiwa kuhisi mkanda unabana zaidi unapokunja, na ukilegeza kidole kimoja kipite chini yake.

Sasa bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, legeza.

Halafu shika jembe au mwiko wako, kwanza bila mkanda, kisha ukiwa nao. Maumivu yapungue palepale. Yasipopungua, sogeza mkanda sentimita moja chini, au uzungushe kidogo pembeni, ujaribu tena. Ukijaribu sehemu tatu bila tofauti yoyote, huenda jeraha lako si la mkanda. Rudi Hatua ya 2 kabla ya kulaumu bidhaa.

Na kwenye baridi, tafadhali usivae juu ya mkono wa sweta. Sweta linateleza, mkanda unashuka, na saa moja baadaye unabana mahali pasipohusika. Mkanda kwenye ngozi, sweta juu yake.

Soksi haina mengi: ivute bila mikunjo, kwa sababu kila mkunjo unabana kama kamba, hasa kwa mbele panapokunjika.

## Hatua ya 7: Ratiba na mazoezi

Siku ya kwanza vaa nusu saa, vua, tazama ngozi. Wekundu unaoisha ndani ya dakika 20 ni wa kawaida. Unaobaki, au malengelenge, maana yake inabana sana au ngozi imeikataa.

Mkanda uvaliwe wakati wa kazi tu. Ukipumzika vua, ukilala vua. Soksi nayo usilale nayo. Gango la usiku ni la usiku, na bawaba fuata ulichoandikiwa.

Kwa waliopata maumivu ya kano za nje, zoezi ni hili. Laza kigasha mezani, kifundo cha mkono kikining'inia nje ya ukingo, kiganja chini, umeshika ile chupa ya nusu lita. Nyanyua kifundo kwa msaada wa mkono mzima. Shusha kwa mkono unaouma peke yake, polepole, ukihesabu mpaka tano. Fanya mara 10 hadi 15, pumzika, rudia mpaka mizunguko mitatu, kila siku. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika ilimradi asubuhi yake hayajazidi. Kwa kano za ndani, geuza kiganja juu, mengine ni yaleyale.

Usitarajie muujiza wiki ya kwanza. Kano hujenga nguvu polepole, na mabadiliko ya kueleweka huonekana kati ya wiki 6 na 12. Wengi wenye tatizo la upande wa nje hupona ndani ya mwaka mmoja bila upasuaji.

Punguza pia kinachoumiza. Mpini mwembamba hulazimisha kushika kwa nguvu zaidi, kwa hiyo uzungushie mpira wa tairi la baiskeli unenepe. Ndoo inyanyue kiganja kikitazama juu au pembeni, kiwiko karibu na mwili. Wachumaji wa chai na wapasua mbao wa Mufindi wabadilishane kazi na wenzao kila inapowezekana, badala ya kurudia mwendo uleule kutwa nzima.

Osha sapoti kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida, anika kivulini. Usiikaushe karibu na jiko, joto linaua mpira. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, inachelewa kukauka, na kuvaa yenye unyevu kunaleta fangasi. Ukiweza kuwa na mbili, fanya hivyo.

## Hatua ya 8: Acha kuivaa, au rudi hospitali

Ukishaweza kufanya kazi nyepesi siku nzima bila maumivu, anza kuivua kwenye kazi nyepesi na ubaki nayo kwenye nzito. Wiki inayofuata ivue kwenye nzito kwa nusu ya muda. Maumivu yakirudi, rudi nyuma wiki moja, usirudi mwanzo.

Baada ya wiki sita za kuvaa sawasawa na kufanya mazoezi bila nafuu yoyote, nenda fiziotherapia. Ivae sapoti mbele ya mtaalamu kama unavyoivaa nyumbani, aone pedi inakaa wapi. Kiwiko kinachozidi kupoteza kunyooka nacho kipelekwe, hata kama hakiumi.

Mwenye ganzi atazame pia nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, upande wa nyuma wa mkono, akilinganisha mikono yote miwili. Ikianza kubonyea upande mmoja, au kidole cha mwisho kikianza kukosa nguvu, mshipa wa fahamu umebanwa vya kutosha kudhoofisha misuli. Huyo asingoje wiki sita. Aende wiki hiyohiyo.